Mifupa Midogo, Historia Ndefu: Visukuku vya Wanyama Wadogo na Nafasi ya Kaskazini Mashariki ya Kenya

1. Utangulizi

Historia ya wanyama wa kale wa Afrika ya Mashariki imezoeleka kusimuliwa kwa mifupa mikubwa. Ikitajwa Tendaguru, msikilizaji hukumbuka dinosaria aliyesimamishwa katika makumbusho ya Berlin tangu mwaka 1937. Likitajwa Bonde la Olduvai au Ziwa Turkana, mafuvu ya watu wa kale ndiyo yanayomjia kwanza akilini. Ipo hata hivyo historia nyingine ambayo haikupata sifa kama hiyo. Hiyo imeandikwa kwa meno yasiyozidi punje ya mtama, kwa taya za panya, mifupa ya popo, pingili za nyoka na mafuvu ya vinyonga. Wataalamu wa visukuku huwaita viumbe hawa, kwa jumla, wanyama wadogo wenye uti wa mgongo. Nao, kwa sababu zitakazoelezwa, hutoa ushahidi ambao tembo na kifaru hawawezi kuutoa.

Makala haya yana madhumuni matatu. Kwanza, kueleza kwa ufupi namna elimu ya visukuku vidogo ilivyokua katika Kenya na Tanzania tangu mwanzo wa karne ya 20. Pili, kuonyesha kwamba Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya, ingawa hazihesabiwi miongoni mwa vituo vilivyoijenga elimu hiyo, zina sehemu yake humo kwa sababu ya wanyama walio hai katika ardhi yake. Tatu, kuchunguza suala la lugha: ni nani aliyewapa viumbe hawa majina, majina hayo yanabeba maarifa gani, na lugha za Afrika zimepata nini katika kazi hiyo. Suala la tatu ndilo linaloyapa makala haya nafasi katika jarida la lugha. Lakini itaonekana kwamba haliwezi kutenganishwa na mawili yaliyotangulia.

2. Udogo kama ushahidi

Tembo hutembea mbali. Huonekana msituni, mbugani na katika nchi kame, na kwa hiyo mfupa wa tembo uliofukuliwa mahali fulani hautuambii mengi juu ya mahali hapo palivyokuwa. Panya, kinyume chake, huzaliwa, huishi na hufa katika eneo dogo. Wako wanaohitaji majani marefu na unyevu, wako wanaostahimili mchanga na jua, na wako wasiotoka chini ya ardhi maisha yao yote. Kundi la meno ya wanyama wa aina hiyo, yakiokotwa katika tabaka moja, ni sawa na maelezo ya mazingira ya siku zile: mvua, majani, miti na udongo. Zaidi ya hayo, wanyama wadogo huzaana upesi na kubadilika upesi kuliko wakubwa, hata mtaalamu anaweza kulinganisha umri wa tabaka mbili zilizo mbali kwa kutazama umbo la magego tu.

Swali linalofuata ni namna mifupa hiyo ilivyokusanyika. Mara nyingi aliyeikusanya ni bundi. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika tonge la manyoya na mifupa chini ya mti au mdomoni mwa pango anapolala. Matonge hayo yakirundikana kwa miaka mingi na kufunikwa na mchanga au majivu ya volkano, huwa hazina kwa watu wa baadaye. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba bundi si karani mwadilifu. Huandika alichokula, wala haandiki kilichokuwapo. Peter Andrews, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya bundi, mapango na visukuku, alionyesha kwamba kila aina ya ndege au mnyama mla nyama huacha alama zake juu ya mifupa: mmoja huivunja sana, mwingine huiacha karibu mizima, na tindikali ya tumbo la mwingine huyala meno kwa namna ya pekee. Kabla ya kuuliza tabaka linasema nini juu ya mazingira, basi, mtaalamu hana budi kuuliza kwanza ni nani anayesema.

Mbinu ya kazi nayo imechangia historia ya somo. Mtu anayetembea na kuangaza macho ardhini huokota vilivyo vikubwa. Visukuku vidogo havionekani mpaka udongo uchukuliwe kwa magunia, uloweshwe, uoshwe kwa maji juu ya chekeche zenye matundu ya milimita moja au pungufu, ukaushwe, kisha uchambuliwe punje kwa punje chini ya hadubini. Claude Hibbard wa Chuo Kikuu cha Michigan ndiye aliyeieneza mbinu hii kwa maandishi yake ya mwaka 1949. Katika miamba ya chokaa, tindikali hafifu ya aina ile iliyomo katika siki hutumiwa kuyeyusha jiwe na kuacha mfupa. Ni kazi ya uvumilivu. Aghalabu jambo kubwa la msimu mzima ni jino moja.

Mwanaisimu hatashangazwa na hali hii. Anayetaka kujua historia ya lugha haridhiki na maneno makubwa ya dini na utawala, kwa maana hayo husafiri mbali na kukopwa kwa urahisi. Huenda kwenye viambishi, hesabu, viungo vya mwili na majina ya vitu vidogo vya nyumbani. Neno dogo, kama panya, halisafiri sana. Kwa sababu hiyo hushuhudia mahali lilipo.

3. Kutoka Karungu hadi Rusinga

Utafiti wa visukuku vya Miosini katika Kenya ulianzia kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1911 Felix Oswald alitumwa Karungu kukusanya visukuku, na mwaka 1914 Charles William Andrews wa makumbusho ya Uingereza alichapisha maelezo ya mkusanyo huo. Miongoni mwa vipande alivyovieleza kulikuwamo meno ya mnyama mdogo mwenye magego marefu. Andrews aliyaona kuwa ya jamaa ya pimbi, akampa mnyama huyo jina la Myohyrax oswaldi, yaani pimbi-panya wa Oswald.

Kosa hili linastahili kuelezwa kwa kirefu, maana lina funzo. Magego marefu hupatikana kwa wanyama wanaokula majani magumu yenye kuchakaza meno. Pimbi anayo, na wengine wasiohusiana naye wanaweza kuyapata kwa sababu ya chakula kile kile. Hata mwaka 1954, T. Whitworth alipoandika juu ya pimbi wa Miosini wa Afrika ya Mashariki, kiumbe huyu alikuwa bado amewekwa kati yao. Mwaka 1965 Bryan Patterson ndiye aliyeonyesha kwa hoja pana kwamba huyu si pimbi bali ni sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu ipindayo anayefukua majani makavu kutafuta wadudu. Ilipita nusu karne. Jina la Myohyrax halikubadilishwa, kwa kuwa kanuni za elimu ya wanyama hulinda jina la kwanza hata likiwa limekosea. Kwa hiyo kosa la mwaka 1914 lingali linatamkwa hadi leo.

Baada ya Karungu vilifuata vituo vya Koru, Songhor na Rusinga. Mwaka 1926 daktari mmoja mlowezi, H. L. Gordon, aliona mifupa katika machimbo ya chokaa ya Koru na kuipeleka Uingereza. Matokeo yake yaliyosikika zaidi ni sokwe wa kale aliyeitwa Proconsul na Arthur Hopwood mwaka 1933. Umaarufu wa Proconsul uliwafunika jamaa zake wadogo. Hata hivyo katika miaka ya 1940 na 1950 Donald MacInnes alieleza komba, panya na sungura wa kale. Le Gros Clark na Thomas waliandika juu ya komba mwaka 1952. Na mwaka 1957 Percy Butler akishirikiana na Hopwood alichapisha kazi juu ya wala wadudu na popo. Mwaka 1973 Mfaransa René Lavocat alitoa kitabu kizima juu ya panya na jamaa zao wa Miosini ya Afrika ya Mashariki. Kwa kazi hizo ilidhihirika kwamba jamaa za ndezi, ambao siku hizi wamebaki spishi mbili tu, walikuwa wengi na wa namna nyingi miaka takriban milioni 20 iliyopita.

Katika kazi yao ya mwaka 1957 Butler na Hopwood walimtaja sange mkubwa wa Songhor, wakamweka katika jenasi Rhynchocyon, ile ile ya sange wakubwa wanaoishi leo. Baadaye Butler alimtenga katika jenasi ya kale zaidi, lakini ukaribu wake na hawa wa leo haukukanushwa. Jambo hili ni la msingi kwa sehemu ya tano ya makala haya.

Rusinga imeendelea kutoa mambo ya kustaajabisha. Mwaka 2020 wataalamu walieleza fuvu la kinyonga wa miaka takriban milioni 18 kutoka kisiwa hicho, wakamwita Calumma benovskyi. Vinyonga wa jenasi Calumma wanaishi sasa Madagaska tu. Fuvu hili moja, dogo kiasi cha kukaa juu ya ncha ya kidole, linatia nguvu hoja kwamba kundi hilo la vinyonga vya Madagaska lilitoka bara, likavuka bahari, kisha likatoweka lilikotoka. Mifupa ya tembo isingeweza kusimulia safari hiyo.

4. Tendaguru, Olduvai na Rukwa

Upande wa Tanzania, Wajerumani walichimba Tendaguru, karibu na Lindi, kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, kwa nguvu za mamia ya vibarua Waafrika waliobeba mizigo ya mifupa hadi pwani. Shabaha yao ilikuwa dinosaria. Lakini pamoja na mifupa mikubwa ulisafiri udongo ulioizunguka, na ndani ya udongo mlikuwamo vitu vidogo. Mwaka 1927 W. O. Dietrich alieleza taya la mamalia mdogo, Brancatherulum tendagurense. Miaka sabini baadaye Wolf-Dieter Heinrich alipouchunguza upya udongo wa Tendaguru alipata meno ya mamalia wengine wa Jurasi, ambao aliwaeleza mwaka 1998 na 1999. Mamalia wa enzi hiyo ni adimu mno katika bara zima la Afrika. Waliokwenda kutafuta majitu waliondoka, bila kujua, na mababu wa panya mifukoni mwao.

Olduvai nako, J.-J. Jaeger alichapisha mwaka 1976 uchunguzi wa panya wa tabaka za chini, za miaka karibu milioni 1.8. Wingi wa panya wa nchi kame katika sehemu ya juu ya tabaka hizo ulionyesha kwamba nchi iliyozunguka ziwa la kale ilikauka. Binadamu wa kale waliotengeneza zana za mawe pale walipitia mabadiliko hayo, ingawa mafuvu yao yenyewe hayawezi kuyaeleza.

Laetoli inahusika zaidi na makala haya. Mwaka 1942 Dietrich, akitumia mkusanyo uliofanywa na Ludwig Kohl-Larsen katika miaka ya 1938 na 1939, alieleza spishi ya kale ya fuko asiye manyoya, Heterocephalus quenstedti. Jenasi hii leo ina spishi moja tu iliyo hai, na makao yake ni Pembe ya Afrika pamoja na kaskazini na mashariki ya Kenya. Mnyama ambaye sasa ni wa nchi kame za kaskazini alikuwa na ndugu yake kusini, Laetoli, zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita.

Tangu mwanzo wa karne ya 21 Bonde la Rukwa, kusini magharibi ya Tanzania, limekuwa uwanja mpya. Nancy Stevens, Patrick O'Connor na wenzao wa Tanzania wamepata huko, katika tabaka za miaka takriban milioni 25, panya, pimbi, sange, vyura na nyoka. Majina waliyowapa baadhi ya wanyama hao yatazungumzwa baadaye.

5. Garissa na Kaskazini Mashariki

Msomaji akivitia vituo vilivyotajwa katika ramani, ataona kwamba vimekaa magharibi na kusini: kando ya Ziwa Victoria, katika Bonde la Ufa, kusini ya Tanzania. Upande wa mashariki wa Kenya, kutoka Mto Tana hadi mipaka ya Somalia na Ethiopia, umebaki karibu mtupu. Je, sababu ni ardhi yenyewe?

Ardhi inachangia. Sehemu kubwa ya Garissa imefunikwa na mchanga na udongo wa baadaye, na hakuna mabonde yaliyochimbika kama Olduvai yanayofunua tabaka. Lakini ardhi si jibu kamili. Wataalamu wa serikali ya kikoloni waliopima miamba ya Mandera na El Wak katika miaka ya 1950 walikuta chokaa za Jurasi zenye visukuku vya viumbe wa baharini, ushahidi kwamba nchi hiyo kame iliwahi kuwa sakafu ya bahari. Walikuwa wakitafuta maji na madini, na hawakuwa na sababu ya kuosha udongo kwa chekeche.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Kwa sheria ya mwaka 1902 Waingereza walizitenga wilaya za mbali, na Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikawa nchi ambayo mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Baada ya uhuru vilifuata vita vya Shifta vya mwaka 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari katika eneo hilo hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Wakati ule ule ambapo MacInnes, Butler na Lavocat walikuwa wakijenga elimu ya visukuku vidogo kwa mikusanyo ya Rusinga na Songhor, mlango wa Kaskazini Mashariki ulikuwa umefungwa. Utupu wa ramani, kwa hiyo, si ushahidi kwamba hapakuwa na kitu. Kwa sehemu kubwa ni kumbukumbu ya utawala.

Hata hivyo Kaskazini Mashariki imo katika somo hili kwa njia nyingine. Kisukuku husomwa kwa kulinganishwa na kilicho hai. Hakuna ajuaye maisha ya fuko wa Laetoli ila kwa kumtazama fuko asiye manyoya wa leo, na huyo yumo katika ardhi kame ya kaskazini na mashariki ya Kenya, akichimba njia ndefu chini ya udongo kutafuta mizizi yenye maji. Mwaka 1981 Jennifer Jarvis aliwashangaza wataalamu alipoonyesha kwamba wanyama hawa huishi kama nyuki: malkia mmoja huzaa na wengine hufanya kazi. Umbo la taya peke yake lisingeweza kufichua jambo hilo.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Katika misitu ya Boni na Dodori, mmoja katika Garissa na mwingine katika Lamu, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1976, kamera zilizotegwa njiani zilipiga picha za sange mkubwa ambaye wanasayansi hawakujua kuwa yupo huko. Sam Andanje wa Shirika la Wanyamapori la Kenya, Bernard Agwanda wa Makumbusho ya Taifa na wenzao walichapisha habari zake mwaka 2010. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulimweka kuwa nususpishi mpya ya sange wa Arabuko-Sokoke.

Umuhimu wake kwa historia ya kale ni huu. Wataalamu walipoona visukuku vya jamaa ya Rhynchocyon huko Songhor walivihesabu kuwa hoja mojawapo ya kusema kwamba Songhor palikuwa msitu, kwa maana sange wakubwa wanaojulikana ni wa msituni. Hoja ya namna hii ina nguvu kadiri tunavyowajua walio hai. Ikiwa sange wa Boni huishi pia katika vichaka na misitu mikavu ya pwani, basi neno “msitu” katika maelezo ya Songhor halina budi kupanuliwa. Hivyo mnyama wa Garissa aliyepigwa picha katika karne hii anaweza kusahihisha usomaji wa mfupa wa miaka milioni 20 wa upande wa pili wa Kenya. Walio hai ndio kamusi, na visukuku ndivyo matini.

Kamusi hiyo iko hatarini. Waaweer, ambao wengine huwaita Waboni, ni wawindaji na warina asali wa misitu hiyo. Lugha yao ni ya Kikushi. Bernd Heine, katika kazi yake ya mwaka 1978 juu ya lugha za Kisam, aliiweka pamoja na Kisomali na Kirendile. Hapana shaka kwamba mnyama ambaye sayansi ilimwona kwa kamera alikuwa akijulikana na watu waliopita njia zake tangu zamani. Lakini vita vya Shifta viliwaondoa Waaweer wengi katika vijiji vyao vya ndani ya msitu. Marufuku ya uwindaji ya mwaka 1977 ikafanya maarifa yao ya wanyama kuwa ushahidi wa kosa. Na operesheni ya usalama iliyoanzishwa katika msitu wa Boni mwezi Septemba 2015, miezi michache baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa ya tarehe 2 Aprili, iliwafungia tena njia. Kijana asiyeingia msituni hajifunzi majina ya vilivyomo humo. Wasemaji wa Kiaweer ni wachache, na jina la mnyama mdogo, sawa na jino lake, likipotea kabla ya kuokotwa halirudi.

6. Majina na maarifa

Kiswahili kina majina mazuri ya wanyama wadogo. Kirukanjia huelezwa kwa tendo lake. Fuko kwa kazi yake ya kufukua. Ndezi, buku, komba, pimbi na perere yana historia ndefu. Hata hivyo neno panya limebeba mzigo mkubwa kupita kiasi. Wanyama wa nyumbani, wa mashambani na wa jangwani, ambao mtaalamu wa meno huwatenga katika jamaa mbalimbali, wote huitwa panya. Kwa mahitaji ya nyumbani hilo latosha. Kwa kueleza Olduvai ilivyokauka, halitoshi.

Neno sange lina kisa cha pekee. Kwa Kiingereza mnyama huyu aliitwa kwa jina linalomaanisha kirukanjia mwenye mkonga. Mwaka 1997 Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tanganyika, alipendekeza badala yake neno sengi, lililotokana na lugha za Kibantu, na wataalamu wa dunia wakalikubali. Uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha, katika miaka ile ile, kwamba sange si ndugu wa kirukanjia hata kidogo. Jamaa zake ni tembo, pimbi na nguva, kundi ambalo lilipewa jina la Afrotheria mwaka 1998. Jina la Kibantu halikumfunga mnyama katika ukoo usio wake. La Kiingereza lilimfunga. Neno hilo sasa limeingia hata katika majina ya kisayansi: mmoja wa sange wa kale wa Rukwa ameitwa Rukwasengi.

Majina mengine ya Kiswahili katika elimu ya visukuku yanastahili kupimwa na wanaisimu. Pimbi mdogo wa Rukwa aliyeelezwa mwaka 2009 huitwa Rukwalorax jinokitana. Muundo wa jino kitana, nomino mbili bila kiunganishi, ni sahihi katika Kiswahili, kama bata mzinga. Nao unaeleza mnyama kwa sifa yake halisi, meno yaliyo kama kitana. Mambawakale, la mwaka 2022, nalo limefuata upatanisho wa ngeli. Pakasuchus, mamba mdogo wa kiasi cha paka aliyeelezwa mwaka 2010, ni chotara wa Kiswahili na Kigiriki, na jina lake la pili, kapilimai, humheshimu Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini Simbakubwa kutokaafrika, la mwaka 2019, huleta shida: Kiswahili sanifu kingesema simba mkubwa, na mnyama mwenyewe hakuwa simba. Huenda miaka mia ijayo jina hili likawa kama Myohyrax, kosa lililohifadhiwa na kanuni.

Inapaswa kuulizwa pia majina haya yanamfikia nani. Mwaka 2015 sokwe wa Rusinga alipewa jina la Ekembo kutokana na neno la Kisuba, lugha ambayo wasemaji wake wengi wamehamia Kijaluo. Ni heshima. Hata hivyo makala inayolieleza jina hilo haisomeki kwa Kisuba, wala kwa Kijaluo, wala kwa Kiswahili. Lugha imechukuliwa neno moja bila kurudishiwa maelezo. Wako watakaosema kwamba Kiingereza kinatosha kwa elimu hiyo. Lakini mchunga ngamia wa Wajir anayechimba kisima katika chokaa, au mrina asali wa Boni, ndiye atakayekuwa wa kwanza kuuona mfupa. Asipokuwa na neno la kuueleza, ataupita kama jiwe. Kisukuku, tabaka, mashapo, chekeche, hadubini na gego ni maneno tuliyo nayo tayari. Kinachokosekana ni maandishi yanayoyatumia pamoja.

7. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha mambo mawili. Visukuku vidogo vilichelewa kusomwa kwa sababu havikuonekana na waliokuwa wakitafuta vikubwa. Na Kaskazini Mashariki ilichelewa kutazamwa kwa sababu ilifungwa na waliokuwa wakitawala. Yote mawili ni makosa ya mtazamaji, si upungufu wa kinachotazamwa. Garissa tangu mwaka 2017 ina chuo kikuu kamili. Kazi mbili ziko ndani ya uwezo wa wanafunzi wake na wa idara za lugha: kuosha udongo wa mapango na machimbo ya eneo lao kwa chekeche, na kuandika majina ya wanyama wadogo kwa Kisomali, Kiorma, Kipokomo na Kiaweer, pamoja na maelezo ya wazee juu ya makao, chakula na tabia zao. Ya kwanza inaweza kungoja, kwa kuwa jino lililokaa ardhini miaka milioni linaweza kukaa mwaka mmoja zaidi. Ya pili haingoji, kwa kuwa wanaoyajua majina hayo ni wazee.